Musoki na Masomo ya Bure

Musoki anakaa kwa Mama Suzanne, hapa mutaa wetu wa Ngezi, nyuma ya kanisa letu. Si binti yake, na bado si bibi ya mutoto wake. Ni muchumba wa Kambale. Mbuzi zilitolewa, watu wakakula, pasta akaomba, na Musoki akaletwa na sanduku yake akae kwa mama mukwe mpaka siku ya arusi. Kisha Kambale akarudi Mongbwalu kutafuta dhahabu ya kufanyia ile arusi. Mongbwalu si Kinshasa. Barabara ni mbaya, lakini watu wanafika na wanarudi. Yeye harudi. Viviane, mudogo wa Kambale, alikuwa mutoto wa kubebewa kitabu wakati ule. Leo anamupita mama yake urefu.

Muchumba anayengoja hatembei ovyo. Sokoni Musoki anaenda na Viviane, kanisani anaenda na Mama Suzanne. Kazi ya kwa watu haruhusiwi, wasiseme Kambale ameshindwa kumulisha. Na kurudi kwao hawezi, kwa sababu zile mbuzi hazikulala kwa baba yake hata kidogo. Zilipita tu, zikaenda kuoa Elodie, bibi ya kaka yake Hubert. Ni desturi yetu, mahari ya dada inaoa kaka. Musoki akikataa, mbuzi zirudi. Mbuzi zikirudi, Elodie naye arudi kwao, na mimba yake. Mulango unaobaki ni mumoja: Kambale mwenyewe aseme mbele ya watu kwamba anamuachilia. Mwanaume akiachilia, hadai kitu.

Ndani ya kufungwa kule ndimo Musoki alianza kusoma. Zacharie, yule anayechaji watu telefone kwa panneau yake ya jua pale njiani na kuwatilia nyimbo, ndiye alimuambia kama kwa internet kuna masomo ya kujifundisha ordinateur, ndiyo kompyuta, na kuiandikia maagizo, kwa Kifaransa, bila kulipa mwalimu.

“Lakini sina ordinateur,” Musoki akasema.

“Dada, wengi hawana. Wanaandikia mu telefone. Sasa kwa hii carte ya telefone yako nikutilie nyimbo za nani?”

“Nitilie yale masomo.”

“Carte yako imejaa nyimbo za chorale.”

“Toa chorale. Mungu anajua.”

Zacharie alicheka mpaka wateja wakageuka. Alimutilia video, vitabu na mazoezi, na kila wakati rezo ya internet ilipokuwa nzuri alimuongezea.

Musoki alisoma akichambua maharagi, alisoma sombe ikichemuka. Ile telefone kioo chake kimepasuka, kwa hiyo herufi zingine anazikisia. Siku moja alinionyesha maneno aliyoandika, mistari mifupi mifupi inayoamuru telefone irudilie kazi ile ile. “Mama, usipoiambia pa kusimamia,” akaniambia, “inazunguka tu mpaka telefone inawaka moto.” Mimi niliishia darasa la sita, nilitikisa kichwa kama mutu aliyesikia.

Lakini kazi yake tuliiona. Siye wamama wa kanisa tulikuwa tukigombana kila mwezi juu ya zamu ya kufagia. Musoki akaandika kitu mu telefone, akatia majina yetu, na telefone ikawa inapanga zamu bila kujua nani ni mukubwa wa nani. Mama mumoja alilalamika: “Hii telefone inanichukia! Kila pahali kuna matope, jina yangu!” Tukacheka sana, na ugomvi ukaisha.

Sasa, mwaka huu, kituo kimoja cha kazi za ordinateur, cha mjini, kilitangaza kwamba kinatafuta vijana waliojifundisha wenyewe. Hawakuomba diploma. Mutihani ulikuwa siku ya kazi ya inne, ndiyo Alhamisi, saa tatu ya asubui, kila mutu afike mwenyewe. Watakaopita watapewa ordinateur ya kutumikia na kazi palepale. Musoki alinifuata ibada ilipokwisha, akanishika mukono. “Mama, uniombee kwa Mama Suzanne. Mimi nikimuambia, atalia.”

Nikaomba Mungu kwanza, kisha nikaenda, asubui ya mutihani wenyewe, maana Mama Suzanne ukimupa siku za kufikiri anakataa. Nilimukuta anapepeta muchele. Musoki alikuwa amekwisha kuoga, amevaa kikwembe kizuri, amesimama karibu na jiko kama mugeni.

Mama Suzanne alinisikia mpaka mwisho. Hakukasirika.

“Mama, huyu mutoto ninamupenda,” akasema. “Lakini weye sema kweli. Akiwa na kazi yake, na feza yake, atabakia hapa kufanya nini? Na akitoka hapa, Kambale atarudilia nini? Mimi? Mimi ninazeeka tu. Huyu ndiye kamba inayomufunga kwa nyumba yangu.”

Palepale Hubert akaingia mbio, bila kubisha, jasho usoni. Habari ilikuwa imemufikia kutoka pale njiani, kwa wenye kuchaji telefone.

“Musoki, unaenda wapi?”

“Kufanya mutihani, kaka.”

“Mutihani! Kule kwa wakwe zangu wanasema unatoroka ndoa! Elodie analia tangu jana. Baba yake ameuliza kama zile mbuzi ni za kwetu kweli ao ni za kuazima.”

“Mutihani si kutoroka.”

“Waeleze wao. Dada, nakuomba. Nipige magoti?” Na akapiga kweli, mutu muzima, mu majivu ya jiko.

Musoki alimuinua. Akasema polepole: “Basi tumupigie Kambale. Mbele yenu wote. Akisema niende, niende. Akisema ananiachilia, Elodie atakuwa salama. Akisema jambo lolote, tutalifuata.”

Mama Suzanne akatoa telefone yake mu kikwembe, akaita. Kambale hashiki telefone akiitwa. Wote tulijua. Siku ile akashika. Mama akatia telefone sauti kubwa, wote tusikie.

Mama alimueleza yote, bila kuongeza, bila kupunguza. Nilimusikia, na ninamuheshimu kwa hilo. Mutihani, kituo, kazi, Hubert. Kule tulisikia mashine za kusaga mawe zikinguruma, na watu wakiitana.

“Kambale,” Musoki akasema, “nijibu. Niende ao uniachilie?”

“Ah, Musoki! Mbona unasema vile?” Sauti yake ilikuwa tamu, kama ya mutu aliyeonana naye jana. “Nikuachilie nikaoe nani? Angoje, Mama. Niko nakuja. Juma hili hili.”

Mashine zikanguruma, kisha laini ikakatika.

Hubert akafuta uso na shati yake. “Mumesikia wote,” akasema, na akaenda kumutuliza bibi yake. Mama Suzanne aliinua mikono, “Asante Yesu,” na machozi yakamutoka. Akaanza kuita, “Viviane! Toa mashuka ya kaka yako, anakuja! Fungueni chumba hewa iingie!” Mimi nilishukuru Mungu pamoja naye kwa mudomo. Kwa moyo sikujua nimuombe nini.

Musoki alivua kile kikwembe kizuri, akakikunja, akavaa cha kazi. Akachota maji. Alifua mashuka yote ya kitanda ambacho hakuna aliyekilalia, akayakamua na Viviane, huyu upande huu, yule upande ule.

“Dada,” Viviane akamuuliza, “mutihani wako ulikuwa saa ngapi?”

“Saa tatu.”

“Na sasa ni saa ngapi? Jua limepanda sana.”

“Shika vizuri, Viviane. Lisiguse udongo.”