Udhuru Unaokubalika

Katika tarafa yetu mimi ndiye wa kwanza kuigusa kompyuta, na hilo hata wasionipenda hawabishi. Nilitoka kwenye mji wa baba yangu, mlimani juu ya Karatu, nikiwa na shati moja. Nilibeba magunia ya vitunguu kule bondeni, nikawa utingo wa lori, nikasoma kwa kibatari, hadi serikali ikanipeleka Ulaya ya Mashariki. Nilirudi na stashahada yenye muhuri mwekundu na koti la sufu ambalo mpaka leo halijachakaa.

Tatizo ni kwamba nchi niliyorudia haikuwa na kompyuta ya kunipa. Nilipata kazi ya uhasibu kwenye hoteli moja ukingoni mwa Kreta, lile shimo kubwa la wanyama, mahali ambapo mashine yenye akili kuliko zote ilikuwa jenereta, nayo ililala saa nne usiku. Basi gazeti lilipotangaza kwamba chuo kikuu kinafungua masomo ya kompyuta kwa watu walio kazini, nilijua tangazo lile limeandikwa kwa ajili yangu.

Niliagiza kijitabu cha kanuni. Ili upokelewe, ulitakiwa uwe na stashahada inayotambuliwa, uwe umefaulu hesabu, na uwe na barua ya mwajiri inayosema kwamba kazi yako inahusiana na masomo hayo. Stashahada nilikuwa nayo. Hesabu nilizifaulu wakati wenzangu wanachunga. Barua ndiyo niliyoipeleka kwa meneja, mtu wa Tanga asiyeizoea baridi, akishinda amejifunga shuka la Kimaasai juu ya suti.

"Kompyuta ipo wapi hapa, bwana mhasibu?" aliniuliza. "Mimi naona nyati tu."

"Itakuja, mzee. Na ikija atakayeiwasha ni nani?"

"Ikija na nyati wakaipiga pembe, utaijaza kwenye fomu gani?" Alicheka peke yake, kisha akatia sahihi. "Haya, nenda. Lakini ukishapata digrii usituhame."

Nikapokelewa. Jumapili ile nje ya kanisa niliwasomea watu barua ya chuo, na toka siku hiyo hakuna aliyeniita kwa jina langu. Niliitwa Kompyuta. Wengine walisema kwa dhihaka, lakini hata dhihaka ina heshima yake ukiwa wewe ndiye uliye mbele.

Masomo yenyewe yalikwenda kwa posta. Programu niliandika kwa penseli kwenye karatasi za miraba. Kule Dar es Salaam zilitobolewa kwenye kadi na kupitishwa kwenye mashine, na baada ya majuma mengi nikarudishiwa majibu. Kazi hizi za posta zilibeba alama arobaini katika mia, na mtihani sitini. Ukifeli upande mmoja, mwingine haukuokoi. Mimi upande wa posta niliushinda mapema. Mhadhiri aliwahi kuandika pembeni kwamba kazi yangu ni safi kuliko ya watu wanaoiona mashine kila siku. Karatasi hiyo niliipitisha meza kwa meza hotelini, hadi wapishi wakaisoma.

Kanuni moja tu ndiyo iliyokuwa na meno. Kabla ya mtihani, kila mwanafunzi lazima ahudhurie kipindi cha vitendo pale chuoni, majuma mawili mbele ya mashine yenyewe. Asiyehudhuria hafanyi mtihani, na asiyefanya mtihani wa mwaka wa kwanza anafutwa, wala haombi tena. Udhuru unaokubalika ulikuwa wa aina mbili: ugonjwa wa mwanafunzi, kwa cheti cha daktari, au kifo cha mzazi, mwenzi au mtoto, kwa cheti cha kifo. Niliijua kanuni hiyo kwa moyo. Sikuwa na sababu ya kuiogopa. Nilikuwa sijaugua tangu utotoni.

Mke wangu alikuwa na mimba ya kwanza. Uchungu ulimshika wiki ileile niliyotakiwa kusafiri, kabla ya wakati wake. Nikampeleka hospitali ya misheni kwa lori la hoteli. Mtoto alikuwa wa kike. Hakulia. Sista alimgeuza, akampuliza, akampigapiga mgongoni, halafu akamfunga kwenye kitenge cha mama yake na kunipa mimi nimbebe, kwa kuwa hapakuwa na mwingine.

Tulimzika nyuma ya nyumba yetu, kule mlimani kwa baba. Jioni ile nilikuwa nikikunja nguo zangu za safari, koti la sufu likiwa juu, nikasikia baba ananiita. Hakuja mlangoni. Alisimama ng'ambo ya njia ya ng'ombe, fimbo imelala mabegani.

"Mwanangu, umeingia kwenye metimani. Wewe na mwenzako."

Kwetu Wairaqw, nyumba iliyofiwa na mtoto namna ile hutengwa. Hamtoki, hamtembelewi, hamchoti maji mahali wanapochota watu, ng'ombe wenu hawachanganyiki na wa majirani, hadi wazee waseme imetosha. Serikali ilikwisha kuikataza desturi hiyo kabla sijarudi, na mimi mwenyewe nilikuwa nimesimama mkutanoni zaidi ya mara moja kuwaambia wazee kwamba ni ujinga.

"Baba, jambo hilo limepigwa marufuku."

"Limepigwa marufuku kwa mdomo. Ng'ombe wa jirani akifa kesho, serikali itakuja kumfufua?"

"Mimi nina safari ya chuo. Nisipokwenda nafutwa."

"Nenda," alisema. "Mimi sina mikono ya kukushika. Lakini mkeo utamwachia nani? Mama yake hawezi kuvuka hapa. Mimi siwezi. Hata mtoto wa kumpelekea maji hutampata mlima mzima."

Nilitazama nyuma. Mke wangu alikuwa amelala ubavu, uso ukutani, maziwa yamelowanisha gauni lake. Hakuwa na nguvu za kuinua sufuria. Hakusema nenda, hakusema baki.

Nikalirudisha koti msumarini.

Niliamua kuandikia chuo. Lakini nitaandika nini? Siwezi kuandika kwamba mimi, mwenye stashahada ya ng'ambo, nimefungiwa nyumbani na desturi iliyokatazwa. Nikaandika kwamba nimefiwa na mtoto, nikaomba nihesabiwe udhuru kwa kanuni ninayoijua. Barua nikaifunga vizuri, halafu nikagundua kwamba hakuna mtu wa kuibeba. Jirani alipita ng'ambo na mbuzi wake, nikamwinulia bahasha.

"We Kompyuta," alisema bila kusimama, "hiyo kitu ibaki hukohuko kwako. Mimi nina mbuzi wenye mimba."

Aliyeniokoa ni Mmaasai mmoja wa upande wa Endulen, aliyekuwa akishusha punda zake kwenda mnadani. Nilimwita kutoka kwenye uzio na kumweleza kila kitu, ili asije akasema nimemdanganya.

"Hayo ni ya kwenu," alisema, akanyoosha mkono. "Kwetu karatasi haiui ng'ombe. Ila hiyo chuo yako, ina majani?"

"Haina. Ina mashine."

"Basi unalilia nini?" Akaichomeka bahasha kwenye shuka lake, na nilivyosikia baadaye aliifikisha posta kweli, akamsimamia karani hadi muhuri ukagongwa.

Majuma mawili yale yalipita tukiwa ndani ya uzio. Nilichota maji chini kabisa kwenye kijito, nikapika uji, nikaosha nguo zake. Mchana nilichukua karatasi za miraba nikaandika programu kana kwamba nimekaa kwenye chumba cha mashine. Naamini zilikuwa sahihi. Hapakuwa na kitu cha kuzijaribia.

Wazee waliposema imetosha, tulinyolewa nywele, nikarudi kazini. Jibu la chuo lilikuwa limenitangulia kwenye sanduku la hoteli. Lilikuwa la adabu. Lilinipa pole, likasema kwamba udhuru wangu utafikiriwa endapo nitaambatanisha cheti cha kifo kabla ya mtihani. Meneja akanipa lori siku hiyohiyo. Nilishangilia njia nzima hadi Karatu. Cheti ni karatasi, na karatasi ndicho kitu ambacho sijawahi kushindwa kukipata.

Sista alinikumbuka. Alinikalisha kwenye benchi la wodi, akaenda kuulizia ofisini, akarudi na mikono mitupu.

"Pole, baba. Hakuna cheti."

"Andikeni sasa. Wewe ulikuwepo. Mimi nilikuwepo."

"Mtoto wako hakuvuta pumzi. Hatuandiki kifo cha mtu ambaye hakuandikwa kuzaliwa."

"Basi mwandikeni kuzaliwa kwanza."

"Hakuzaliwa hai, baba."

"Nilimbeba! Alikuwa na kucha!"

"Najua," alisema. "Ni mimi niliyekupa." Akanishika kiwiko kama unavyomshika mgonjwa. "Ningekuwa na kanuni nyingine ningekupa hiyo."

Niliwauliza wengine, usidhani nilikata tamaa upesi. Karani wa wilaya alisema lazima hospitali ianze kuandika. Padri aliniambia hawezi kumwandika kwenye kitabu asiyebatizwa. Nilikuwa nimezungumza na maprofesa kwa lugha yao nikaeleweka, na hapa nilikuwa naongea Kiswahili na watu wa nyumbani, wote wananielewa vizuri, wote wananipa pole. Kwa wazee wangu mtoto yule alikuwa amekufa kiasi cha kufunga mlima mzima. Kwa chuo na kwa hospitali hakuwahi kuwepo. Tarehe ya mtihani ikapita nikiwa ofisini kwangu ukingoni, najumlisha bili za watalii, ukungu umeziba dirisha. Barua ya kufutwa ilikuja ikiwa fupi. Alama zangu arobaini za posta, ambazo nilikuwa nimekaribia kuzipata zote, hazikutajwa.

Watu wataniita Kompyuta hadi nife, na wana haki, kwa kuwa baada yangu ilichukua miaka mingi mwingine kutokea. Stashahada iko ukutani.

Lakini siku ile niliyotoka kwa padri, nilifika nyumbani nikamkuta mke wangu anachambua maharage. Nilidhani hajui nilikokwenda. Aliacha ungo.

"Wamekupa?"

"Hawajanipa. Mtihani ndiyo basi."

"Siulizi mtihani," alisema. "Nauliza, wamekataa kumwandika?"

"Wamekataa."

Aliinuka, akaenda kwenye meza yangu, akarudi na karatasi moja ya miraba na penseli yangu, akaviweka juu ya goti langu.

"Wewe si ndiye unayeandika vizuri kuliko wote? Mwandike wewe."

Nikaandika Karatu. Nikaandika tarehe. Nikaandika msichana, kwa mwandiko ule mhadhiri alioupenda, kila herufi kwenye mraba wake. Halafu nikafika kwenye jina, nikamtazama mke wangu, naye akanitazama. Tulikuwa hatujampa mtoto jina. Penseli ilikaa pale kwenye mraba hadi giza likaingia na nisiweze kuiona karatasi.