Sataranji Nyumbani kwa Wakwe

Wenzangu, yaliyonipata juzi Magwagwa bado yananitoa jasho. Nilikwenda kujitambulisha kwa baba yake Kemunto, mchumba wangu. Kemunto alikuwa amemwambia kwamba najua sataranji, maana nilimdanganya hivyo. Mimi najua drafti tu.

Mzee akapanga kete. Nikaamua kumwiga: akisukuma yake, nami nasukuma inayoelekeana nayo.

"Mfalme wako yuko hatarini," akasema.

Sikujua mfalme ni yupi. Nikashika kete iliyochongwa vizuri kuliko zote, nikaikimbiza pembeni.

"Huyo ni farasi," mzee akasema taratibu. Kemunto akaacha kumimina chai. "Na ile kazi yako ya ukarani huko Kisii, kijana, unaijua hivi hivi?"