Fundi wa lifti asiyepita mji bila kubisha hodi

Saa saba na nusu mchana, juu kabisa ya jengo la hospitali lenye ghorofa nane, mwanamke aliyevaa ovaroli ya buluu anafunga mlango wa chumba cha mitambo ya lifti. Anafuta grisi mikononi, anatazama saa. Ana saa moja kabla ya lifti kujaribiwa.

"Mlinzi kanipigia, mgeni wangu kafika," anasema. "Anapanda kwa ngazi."

Mgeni huyo ni mwalimu wa chekechea aliyesoma naye chuo cha ufundi miaka ishirini na miwili iliyopita. Mwalimu alijifunza lifti mpaka akapata cheti, kisha akaapa kutozipanda.

"Najua kila kinachoizuia isianguke," anasema akihema, mkono kiunoni. "Kwa hiyo najua na kinachoweza kuharibika."

Fundi, kama wengi wanavyomwita, ana miaka arobaini na sita na watoto wawili. Kampuni yake humtuma safari mbili au tatu kwa mwezi, katika miji kumi na minne. Kwa muda mrefu aliingia jengoni, akafanya kazi, akapanda basi. Mumewe akimuuliza mji ukoje, alimjibu kwamba una ghorofa kumi na mbili.

Chuoni, wanawake darasani walikuwa watatu: wao wawili na mwenzao mmoja. Yule wa tatu aliolewa katika mji ambao Fundi alikwenda kikazi mara saba. Kila mara alimpigia simu kutoka kituo cha basi, akamwambia kazi imembana, wataonana safari ijayo. Mwenzake alicheka tu. Hakumwambia kwamba anaumwa.

"Mara ya nane nikaenda kwake," anasema taratibu. "Dada yake ndiye aliyenifungulia mlango. Walikuwa wameshamzika; ilikuwa siku ya kumi na moja."

Anafuta tena grisi mikononi. "Watu husema milima haikutani, binadamu hukutana. Lakini binadamu asipoinuka akaenda, naye ni mlima tu."

Huu ni mwaka wa tano tangu msiba huo. Siku hizi hupanda basi la kwanza, na saa yake ya chakula cha mchana humpa mtu: binamu, jirani wa zamani, rafiki wa shule. Huenda naye kutazama bustani, soko au jumba la makumbusho.

Mkubwa wake aliwahi kumwita, akamkumbusha kwamba anatumwa kutengeneza lifti, si kutembea. Fundi akamwomba ataje lifti moja iliyochelewa kwa ajili hiyo. Mkubwa akapekua faili, akalifunga.

Leo walipanga kwenda kuona daraja la zamani la reli. Lakini breki ya lifti imemlia asubuhi nzima, na wagonjwa wanabebwa ngazini kwa machela. Hawezi kutoka.

Mwalimu hanuni. Amekuja na chakula kwenye hotpoti. Wanakula wameegemea ukuta wa paa, naye anauonyesha mji kwa kijiko: daraja lile juu ya mto, shule yake ile yenye paa jekundu, nyumba yake kule mwisho wa barabara.

"Shuka zile za njano zilizoanikwa ni zangu," anasema. "Haya, mji umeuona. Nipe habari za wanao."

Binti wa Fundi anataka kusomea uuguzi. Mume wa Mwalimu hajapata kazi tangu kiwanda kifungwe. Mwalimu hakutaka kulisema hilo kwenye simu. Mwenzao wa tatu wanamtaja kwa kicheko, kisha wote wawili wanatazama mtoni.

Saa nane na nusu lifti inapanda na kushuka bila kishindo. Machela ya kwanza inaingia.

Mwezi ujao Fundi anakusudia kurudi hapa kwa siku tano, alale kwa Mwalimu, wafike darajani kwa miguu, kisha wasafiri pamoja hadi kwenye kaburi la mwenzao. Fomu ya likizo ameshaipeleka.

"Mkubwa akaniuliza huko kuna lifti gani mbovu," anasema. "Nikamwambia hakuna. Nakwenda kuwaona watu wangu."