Mzee alitaka sport sedan ya grade ya kwanza, gunia la maharage likatuumbua

Wakuu, wewe unayesoma huku unakunywa chai, weka kikombe kando kidogo unisikilize.

Stori hii haina chumvi ya kuongeza, ingawa Uvinza kwenye chumvi yenyewe si mbali na hapa ninapoandikia. Nimebadilisha majina tu.

Nimeona humu nyuzi nyingi za "nichukue trim ipi". Watu wanabishana kuhusu nguvu ya injini, rimu na spika. Na mimi nilikuwa humo humo, tena mwenye kelele. Mpaka siku niliyopigwa na butwaa uani kwa watu, Mwandiga, mbele ya gunia la maharage.

Kwa wageni nieleze kwanza. Gari moja jipya, jina moja, sura karibu moja, kiwandani linatoka katika ngazi tatu au nne. Hizo ndizo trim. Ya chini ina vitu vya msingi, ya kati imeongezewa, ya juu ndiyo ile watu wanaita full. Ukiagiza jipya, unachagua ngazi, unasaini, wanakuundia. Ukishasaini, hakuna kurudi nyuma.

Hapo pa kusaini pakumbukeni.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Nilipangiwa Kigoma nikitokea Mbeya, nikapata chumba Katubuka. Gari sina, nina pikipiki. Lakini magari ya kifahari nayajua kwa kuyasoma, kama mtu anayejua mapishi yote na jikoni kwake hakuna hata mkaa.

Miaka ile kambi za upande wa Kasulu zilikuwa zimejaa tena ndugu zetu kutoka Burundi. Mzee Ntahena wa Mwandiga, ambaye mwanawe Deo nilimfundisha, alikuwa na malori mawili yanayopeleka maharage huko. Mungu akamfungulia.

Siku moja akaniita kwake. Nikamsalimia, akaitikia, akanipa simu yake. Muuzaji mmoja wa Dar alikuwa amemtumia brosha kwenye WhatsApp. Sport sedan mpya, ya kifahari, ngazi tatu. Kiingereza kitupu.

"Mwalimu, nisomee. Nataka ya juu."

Nikamwambia tusome zote kwanza.

"Za nini? Mimi maharage ya grade ya pili sili, seuze gari."

Nikacheka. Nikaona ana hoja.

Wakuu, hapa ndipo kosa lilipozaliwa, na ni kosa ambalo mfanyabiashara wa maharage tu angelifanya, akisaidiwa na mwalimu mjinga. Kwenye maharage, grade ya pili ni yale yale ya grade ya kwanza, ila yana mawe, yaliyopasuka na yaliyotobolewa na wadudu. Kwa hiyo grade ya chini ni kitu kizuri kilichoharibika. Mzee aliitazama ile brosha hivyo hivyo. Kwake ngazi ya chini ilikuwa makapi ya ile ya juu.

Na alikuwa na sababu nyingine, hii ya moyoni.

Miaka miwili nyuma, mkewe, Mama Deo, alikuwa anashuka kwenye lori la mumewe. Mnajua ngazi za lori zilivyo. Akateleza pale pale mbele ya ghala, akavunjika nyonga. Alitibiwa, akapona kwa fimbo, lakini tangu siku hiyo hakutoka nyumbani ila kwenda hospitali, na hapo alibebwa. Kanisani hakwenda. Dada yake anakaa Ujiji, mtu na dada yake, miaka miwili hawajaonana uso kwa uso kwa sababu dada naye ni mgonjwa.

Mzee alimwapia kwamba hatapanda tena ngazi ya gari. Atamnunulia gari la chini, la heshima.

Katika brosha, ya juu ndiyo ilikuwa imelala chini kuliko zote. Mzee alipoiona picha akasema, "Hii. Hii ndiyo iko mbali kabisa na lori."

Nami nikashadidia. Nikamweleza rimu kubwa, viti vya sport vinavyokukumbatia, taa nyekundu za ndani. Muuzaji akasema karatasi za kusaini atazituma Jumatatu.

Mama Deo alikuwa kibarazani muda wote huo anachambua mboga. Hakuna aliyemuuliza neno. Nami sikumuuliza. Hilo naliandika ili lisomeke.

Jumamosi nikapanda lori la Mzee kwenda soko la pamoja, lile la jirani na kambi ambako wenyeji na wakimbizi walikuwa wanauziana. Nilikuwa nafuata vitenge vya mke wangu. Dereva akipakua, mimi nimekaa kwenye benchi la fundi baiskeli mmoja, Mrundi, naitazama tena ile brosha kwa raha zangu. Huyo fundi tulimjua kwa jina la Nestor. Mara kadhaa alishanizibia pancha ya pikipiki.

Akachungulia begani kwangu, akasema kwa upole, "Hiyo ya mwisho haina tairi ya akiba, Mwalimu."

Nikamwangalia. "Umejuaje?"

"Wanakupa chupa ya gundi na pampu ndogo. Tairi zake ni nyembamba kama chapati. Ukipasua ubavu, gundi haifanyi kitu. Unalala porini."

"Nestor, umejuaje?"

"Niliziuza. Bujumbura, miaka saba. Nilikuwa navaa tai."

Wakuu, nilishikwa na aibu iliyochanganyika na mshtuko. Mwaka mzima mtu huyu ananizibia pancha, na mimi nilikuwa namweleza yeye habari za magari. Yeye anaitikia tu, "Ego, Mwalimu. Ego." Ndiyo, Mwalimu, ndiyo.

Akaomba simu. Akawa anapitisha kurasa kwa kidole cha mwisho, kwa sababu vingine vilikuwa na grisi.

Akauliza, "Nani atakaa?"

Nikaanza, "Mzee anataka..."

"Oya," akasema, yaani hapana kwa Kirundi. "Sijauliza nani atanunua."

Nikamweleza habari za Mama. Nyonga, fimbo, lori. Akarudi kwenye picha ya kiti cha sport, akaikuza.

"Unaona hizi kuta mbili za pembeni? Zinamshika dereva asiyumbe kwenye kona. Mtu mwenye nyonga mbovu, kutoka hapo lazima ajinyanyue kwanza juu ya ukuta, ndipo azungushe miguu. Na kiti kiko chini. Lori lilimwangusha, hili litamfunga."

Nikabisha kidogo. Nikasema basi achukue ya kati, kiti chake kinapanda kwa umeme.

"Soma maandishi madogo."

Nikasoma. Kweli, wakuu. Kinachopanda ni kiti cha dereva peke yake. Cha abiria kimekaa vile vile. Nilikuwa nimeisoma brosha ile kama mara ishirini.

Nestor akashuka mpaka ngazi ya chini, ile makapi. Viti tambarare, tairi nene, tairi ya akiba kamili kwenye buti. Na chini kabisa ya ukurasa palikuwa na orodha ya vitu vya kuongezewa ukitaka, kimoja kimoja. Kimojawapo kilikuwa kiti cha abiria kinachopanda na kushuka.

"Hii, na hicho kimoja. Basi."

Nikamwambia Mzee hatakubali, ni mtu wa grade ya kwanza.

Akacheka. "Wote walikuwa hivyo. Tulikuwa hatubishani na mteja. Tulimkalisha. Kama gari halipo, tengenezeni kiti."

Akanieleza namna ya kufanya, na akanipimia urefu wa kiti cha ile ya juu kutoka chini kwa kipande cha mpira wa baiskeli.

Jumapili mchana nikafika Mwandiga na kile kipande mfukoni. Nikamwambia Mzee, "Leo gari limefika, ila halina injini." Akaniona nimechanganyikiwa, lakini akakubali kunichekea.

Tukatoa gunia la maharage ghalani, tukalipunguza mpaka likatoshana na ule mpira. Hicho ndicho kiti. Pembeni tukabana magunia mawili madogo yaliyokunjwa na kufungwa kamba, ndizo zile kuta. Juu tukapitisha kamba kutoka kwenye nguzo ya kibaraza hadi kwenye ngazi ya mbao tuliyoisimamisha, ndiyo paa. Tofali moja la kuchoma nikaliweka chini lisimame badala ya kizingiti cha mlango.

Mzee akakaa wa kwanza. Akashika usukani wa hewa. "Mbona safi?" Akainuka kwa kuguna, akajidai hakuguna.

Nikamgeukia Mama. "Mama, tunaomba na wewe ujaribu."

Akatutazama mmoja mmoja. "Kumbe na mimi napanda?"

Akaja na fimbo yake. Akainamisha kichwa chini ya kamba, akageuka, akajiachia. Alitua kwa kishindo, maharage yakalia ndani ya gunia. Akatabasamu. "Panapendeza."

Nikasema, "Sasa tumefika kanisani. Shuka."

Akaegemea fimbo, akajisukuma. Hakuinuka. Akajaribu kuzungusha mguu mbovu, ukagonga lile gunia la pembeni ukarudi. Akajaribu mara ya tatu, uso ukakunjamana, jasho likamtoka.

Mzee akaruka kwenda kumwinua.

"Niache, Baba Deo."

"Nikusaidie tu."

"Utanisaidia leo. Na Jumapili ijayo mbele ya watu wote utanivuta kama gunia? Lori nilianguka mara moja. Humu nitaanguka kila siku."

Hakupaza sauti. Mzee Ntahena, mtu mwenye maneno kuliko redio, alisimama mikono imening'inia. Nimemfahamu miaka mingi, sikuwahi kuuona uso ule. Jumatatu ilikuwa kesho, wakuu. Angesaini.

Na mimi ndiye niliyemsomea neno kwa neno, "viti vinavyokukumbatia."

Tulimsubiri mpaka alipokubali mkono. Kisha Mzee mwenyewe akayatupa yale magunia ya pembeni. Akaenda ghalani, akarudi na debe la maharage, akaongeza kwenye gunia, akalipigapiga likae tambarare.

"Kaa tena, Mama Deo."

Akakaa. Akazungusha miguu yote miwili bila kugonga kitu. Akasukuma fimbo mara moja, akasimama.

Akarudia. Akasimama tena. Mara ya tatu akasimama bila fimbo, ameshika kamba ya paa tu, akasema kwa Kiha maneno ambayo sikuyaelewa. Mzee akageukia ukutani akajifanya anatafuta kitu.

Nilimuuliza baadaye alisema nini. Akaniambia, "Alisema nimpeleke kwa dada yake."

Jioni ile ile nilimsomea ngazi ya chini na kile kiti cha kuongeza. Jumatatu muuzaji alipopiga, Mzee aliweka sauti kubwa ili nisaidie kwenye Kiingereza. Akamtajia ngazi ya chini na kile kiti cha kuongeza.

Jamaa alishtuka. "Mzee wangu, hiyo ya chini? Wenzako wenye uwezo wote wanachukua ya juu."

"Wenzangu hawana mke huyu. Andika."

"Hata rimu kubwa, Mzee? Hata taa za ndani?"

"Kijana, nimesema andika. Na unisomee ulichoandika."

Gari lilichukua miezi kufika. Lilipofika, watu wa Mwandiga walilizunguka. Mmoja anayejua magari kama nilivyokuwa nayajua mimi akasema kwa sauti, "Ah, kumbe ni ile ya chini." Mzee akamjibu, "Ndiyo, grade ya tatu," akamfungulia mkewe mlango.

Safari ya kwanza ilikuwa Ujiji. Nilikuwepo, kiti cha nyuma. Mama akabonyeza kitufe, kiti kikapanda taratibu. Akashusha miguu, akasimama. Mzee alikuwa amezunguka tayari kumsaidia, akakuta mlango uko wazi na mtu hayupo. Yuko ukumbini kwa dada yake, wameshikana.

Nikapiga picha moja ya kile kiti, Mama akiwa amekaa, nikampelekea Nestor kule sokoni. Nilitegemea afurahi au alie. Akaikuza kwa kidole cha mwisho, akaitazama sana.

"Kiti bado kina nafasi ya kupanda. Mwambie Mama abonyeze tena kidogo, magoti yake yako juu kuliko nyonga."

Kisha akarudisha simu na kuendelea na baiskeli ya mtu.

Wakuu, nilichojifunza ni kidogo lakini kilinigharimu usingizi. Trim si grade. Ya chini si makapi ya ya juu. Kila moja imetengenezewa mwili fulani na barabara fulani, na brosha haiwezi kujua ni mwili wa nani. Wala usimdharau anayekuzibia pancha, hujui jana alikuwa anavaa tai.

Waliowahi kuagiza jipya, mwageni uzoefu wenu hapa chini. Hasa mliojuta, maana ninyi ndio mtawasaidia wengine. Maswali nitajibu moja moja, sina haraka.

Na wewe ambaye karatasi za kusaini zimeshafika kwenye simu yako: leo, kabla hujasaini, muulize muuzaji urefu wa kiti kutoka chini. Jaza gunia mpaka urefu huo. Mkalishe yule atakayepanda mara nyingi, mwambie ainuke mwenyewe mara tatu. Wewe kaa kando, umtazame miguu.