Maelezo Ambayo Mtambo Haukuyasoma

Ofisini walimwita Bibi Mbishi, na jina hilo hakupewa bure. Kazi yake ilikuwa kuunganisha kompyuta za zahanati na za ghala la dawa, ili akiba ikipungua oda iende yenyewe; programu ya kutuma oda hizo iliandikwa na mtambo, si na mtu. Asubuhi ile ghala lilikuwa likikataa kila oda ya insulini, na friji ya zahanati ilikaribia kuwa tupu. Shangazi yake, aliyemlea tangu mdogo, aliishi kwa sindano hizo.

"Bonyeza kitufe, mtambo utuandikie programu upya," bosi alisema.

"Nimeshabonyeza, bosi. Unaandika yaleyale."

"Bonyeza tena."

Hapo ubishi ukampanda. Dawa ya moto ni moto, lakini dawa ya kitufe si kitufe! Alichapisha faili la huduma, lile ambamo ghala hueleza linapokea maombi gani na yajazwe vipi. Miaka yote waliulisha mtambo faili hilo, wakapokea programu iliyoiva, wala hakuna aliyelitupia jicho.

"Dada, hiyo riwaya inaishaje?" jirani yake wa dawati akamchokoza.

"Cheka tu. Mwenda pole hajikwai."

Tusidanganyane, aliogopa. Kila mstari ulimrudisha ukurasa wa nyuma, na chakula cha mchana kilimpita. Lakini hakuinuka mpaka alipolikuta kosa. Ghala lilikuwa limeongeza nafasi ya kujaza joto la kuhifadhia dawa, iliyoandikwa kuwa ni hiari. Chini yake palikuwa na maelezo kwa lugha ya kawaida: kwa dawa za baridi, ni lazima. Mtambo uliona hiari, ukairuka. Maelezo yaliyoandikiwa watu hauyasomi.

Aliandika ombi kwa mkono wake, neno kwa neno, akalituma. Jibu likaja: oda imepokelewa. Machozi yalimlengalenga, hakuyaficha.

"Haya, ichomeke hiyo nafasi ya joto ndani ya programu ya mtambo, tumalize," bosi alisema.

"Hapana. Siku utakapobonyeza tena, mtambo utaandika yote upya, na hii itafutika. Naiandika pembeni, kwenye faili lake, na kila mtu hapa atalisoma faili hili la ghala."

Kesho yake shangazi akapiga simu. "Mwanangu, sindano zimefika. Wanasema kompyuta imejirekebisha."

"Haikujirekebisha, shangazi. Nilikaa nikasoma."

"Basi usiache kusoma, mama. Mimi bado nataka kuishi."