Pombe ya Mama Yusta

Juzi nilipita sokoni Tabora mjini, upande wa wauza nafaka, pua yangu ikanisimamisha. Mama mmoja alikuwa ameanika kimea juu ya turubai, mtama ulioota na kukauka, wenye ile harufu ya utamu na udongo. Nilicheka peke yangu katikati ya watu. Nilikuwa nimerudi utotoni, kijijini Usoke, nina miaka kumi na moja, tena mwalimu!

Mwanafunzi wangu alikuwa rafiki yangu Yusta. Walihamia kwetu kutoka Igunga, ambako mama yake aliwauzia wali wasafiri wa mabasi, kwa hiyo kwao hakuna aliyejua kupika pombe. Mwaka ule mama huyo alivunjika mkono, mvua zimekaribia, shamba halina hata tuta moja. Majirani wakasema watakuja kumlimia siku moja, na kwetu anayelimiwa huwapikia wakulima pombe. Mkono mtupu haulambwi.

"Wamalize kulima wakute mitungi mitupu, uso wangu nitauficha wapi?" alilalamika Mama Yusta. Aliona haya kuwaomba pombe watu walewale wanaokuja kumlimia, na mama yangu alikuwa Kigwa akimuuguza bibi.

Nikaropoka, "Usijali mama, mimi najua. Nitamfundisha Yusta."

Nilichojua ni kumtazama mama akipika. Lakini jamani, nilivyofurahi! Tuliloweka mtama, tukaumwaga juu ya gunia, tukaufunika. Kila tulipotoka shule tulikimbia kuchungulia, na siku vilipochomoza vimizizi vyeupe Yusta alipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika. Nikamkemea kwa sauti ya mama, "Pombe haipigiwi kelele!" Uongo mtupu, niliutunga palepale.

Ikabaki kuanika. Mawingu yakatanda siku mbili, jua hakuna, na siku ya kulima inakaribia. Ndipo akili yangu kubwa ikanijia: bani la baba, lile la kukaushia tumbaku, lilikuwa tupu tangu msimu uliopita. Tukatandika mkeka ndani, tukawasha moto kwenye tanuri lake, na kimea kikakauka vizuri ajabu. Tukakisaga, tukapika uji, ulipopoa tukakitia.

Yusta akanusa mtungi, akakunja uso. "Mbona inanuka kama baba yako?"

"Ndiyo harufu ya pombe, wewe mgeni utajuaje?" Pua yangu ilikulia kwenye tumbaku, haikusikia kitu. Kuonja hatukuruhusiwa, na ikachachuka hivyohivyo.

Siku yenyewe walikuja watu kama ishirini, mama yangu naye akiwa amerudi asubuhi ile. Walilima kwa nyimbo, majembe yakipanda na kushuka pamoja, na kabla ya saa sita shamba lote lilikuwa matuta. Mama Yusta, mkono umefungwa kwa kanga, akamkabidhi jirani yetu Mzee Mihayo kata ya kwanza. Akanywa.

"Hii pombe ina nguvu," akasema, akaimaliza yote.

Wengine wakafuata, wakasifu, na Mama Yusta akacheka kwa mara ya kwanza tangu avunjike mkono. Niliringa mwaka mzima. Hata leo, nikikumbuka kicheko kile, nafurahi.

Nilipoolewa na kupika pombe ya shamba langu mwenyewe, mama alicheka mpaka machozi. "Ile yenu ilikuwa haimezeki, mwanangu! Tumbaku tupu. Nilionja tone moja, ulimi ukawaka."

Siku ile kazi walikwishamaliza, hakuna aliyewalazimisha kunywa. Wangeweza kuaga na kwenda zao.

"Na Mzee Mihayo?" nikauliza.

"Mihayo alitapika nyuma ya nyumba," mama akasema. "Akanawa uso, akarudi, akamwomba Mama Yusta kata nyingine."