Mkasi na Bustani ya Mkewe

Mtaani kwetu tunamwita Mkasi, na ukimwita kwa jina alilopewa na wazazi wake anageuka kutazama nyuma, akidhani unamwita mtu mwingine. Alipogoa mizabibu tangu ujana wake mpaka magoti yalipomsaliti na kiwanda cha mvinyo kikampumzisha. Mkasi wa kupogolea ulikaa mfuko wa nyuma wa suruali hata siku ya harusi ya bintiye. Mkewe aliuona wakati wa kupiga picha, akauchomoa mbele za watu, watu wakafa kwa kicheko.

Mimi ni jirani yao. Kinachotutenganisha ni ua wa waya ambao hata kuku anauona wa kuchezea. Mimi na huyo mkewe tulikuwa chanda na pete, kwa hiyo Mkasi ni shemeji yangu, na namsema nitakavyo.

Wale watu walikuwa wamegawana dunia. Vilima vya zabibu vilikuwa vya mume, bustani ya nyuma ilikuwa ya mke, na mume hakuruhusiwa kuchuma hata pilipili moja. Mke alikwenda na majira. Wakati wa baridi alikuwa na kabichi na karoti, mvua zikianza alikuwa na njegere na mchicha, joto likipamba moto alikuwa na nyanya, bilinganya na rehani, yale majani ya kunukia ya kutia mchuzini. Alichuma asubuhi, akapika mchana, na kilichobaki akanipitishia juu ya waya. Mimi nilinenepa kwa ajili yake, wala sioni haya kusema.

Alifariki joto likiwa linaondoka, nyanya zake bado zinazaa. Mkasi alijifungia ndani. Majani ya mizabibu yakageuka rangi, yakapukutika, na siku moja watu wa kiwanda wakapanda kilimani kupogoa. Mikasi ikawa inalia huko juu tangu alfajiri. Yeye haitwi tena huko, lakini mazoea yana taabu. Akatoka nyuma ya nyumba.

Nilipokwenda kuanika nguo nilikuta bustani nzima imekatwa. Bilinganya, pilipili, rehani, na nyanya pia, kila mche umebaki kisiki chenye macho mawili ya kuchipulia, mkato wa mshazari, safi kabisa. Matawi alikuwa ameyafunga mafungu mafungu na kuyapanga ukutani. Uso wake ulikuwa na tabasamu, la kwanza tangu mazishi.

"Shemeji! Umefanya nini?"

"Nimepogoa. Si ulikuwa msitu huu?"

"Nyanya si mzabibu, shemeji!"

"Kila mti una macho. Wewe subiri uone."

Sikio la kufa halisikii dawa. Kwa bahati bilinganya na pilipili zilichipua, akanitambia wiki nzima. Nyanya zilikauka zikawa vijiti. Hata hivyo kila asubuhi alijaza kopo la maji akavimwagilia vile vijiti, kimoja kimoja, kisha akachutama kuvitazama. Nilikuwa nimejiandaa kumcheka mpaka achoke. Sikuweza. Miche ile ilipandwa na mkono wa mkewe, na sasa alikuwa anasubiri kitu ambacho hakiji. Niliingia ndani nikalia.

Bintiye ni muuguzi, anaishi mjini, mbali kwa basi. Tangu mama yake afariki alikuwa akipiga simu kila jioni, na kila alipopata mapumziko alikuja. Akaja siku moja akamkuta baba yake mezani na mkate mkavu na chai ya rangi. Jikoni hamna kitu, sufuria zina vumbi, na huko nje vijiti vimeloweshwa maji. Waya wetu hauzuii sauti.

"Baba, hapa huwezi kukaa peke yako. Chumba chako kwangu kipo. Tuuze nyumba."

"Siondoki."

"Unakula nini? Niambie jana ulikula nini."

Nikasikia Mkasi akisogeza kiti.

"Basi sikiliza, Baba. Zabibu zikianza kuvunwa nitachukua likizo nije. Nikikukuta unajipikia na unakula kama mtu, unabaki na sitasema neno. Nikikuta mkate mkavu, tunafunga mizigo siku hiyohiyo."

"Njoo," akasema baba yake, kwa ile sauti ya watu wabishi wakishabanwa.

Asubuhi yake alikuwa kwenye waya. "Shemeji, nyanya zinaanzaje?"

Nilimfundisha, na kumfundisha Mkasi ni kazi ya punda. Kitalu cha kwanza alikimwagilia mpaka mbegu zikaoza. Cha pili alikisahau juani. Cha tatu kikaota, na siku ya kuhamisha miche aliipanga kwa kamba, mstari ulionyooka, akaifunga kwenye miti kama mizabibu. Kila mara mkono wake ukienda mfuko wa nyuma nilipiga kelele kutoka kwangu, naye anaurudisha akinuna.

Jikoni ndiko kulikuwa na vita hasa. Aliunguza vitunguu, aliunguza sufuria, akaniulizia chumvi kana kwamba nimemfichia. Kila mchana alileta bakuli kwenye waya nionje. "Hii ni dawa ya minyoo," namwambia. Anarudi kichwa chini. Kesho analeta tena. Wakati wa njegere mchuzi ukaanza kueleweka. Joto liliporudi, nyanya zikiwa zimejaa mpaka miti inainama, alichuma asubuhi, akakaanga bilinganya na kitunguu saumu, akamenyea nyanya humo, akamalizia na rehani, akaleta. Nikaonja. Nikaonja tena. Nikataka kutukana nikakosa tusi.

"Mbona hunijibu?" akauliza.

"Ni kama chake," nikasema, na wote wawili tukatazama chini.

Jioni zote hizo simu ya binti ilikuwa inalia. Nilimsikia Mkasi akijitetea: ndiyo nimekula, ndiyo ni mboga, hapana sikuunguza leo. Walibishana, wakachekana, yule binti akamkemea kama mtoto. Wakati mwingine walizungumza mpaka chakula kikapoa.

Mavuno yakafika. Malori yalipita yamejaa zabibu, mtaa wote ukanuka maji ya zabibu yaliyochacha, na binti akashuka kwenye basi na begi lake. Mkasi alikuwa amevaa shati lile la harusi ya binti. Akampikia mchana, akampikia jioni, akampikia siku zote za likizo, kila siku kitu kilichotoka ardhini asubuhi hiyo. Siku ya mwisho nilialikwa. Binti alifuta sahani kwa mkate, akaiweka chini, akamshika baba yake mkono.

"Baba, nimesalimu amri. Unajiweza. Nilikuwa silali kwa ajili yako, kweli. Sasa nitalala."

"Nilikwambia," akasema Mkasi. Alikuwa amevimba kwa furaha, na mimi nikampigia makofi kama mjinga.

Binti akaondoka na kikapu cha nyanya. Jioni ya kwanza simu haikulia. Tukasema amechoka na safari. Ya pili haikulia. Ikaja kulia mwisho wa juma, kwa haraka, yuko kazini. Mapumziko yaliyofuata alibaki kwake kupumzika, na haki yake, mtoto wa watu alikuwa amebeba mzigo ule mwaka mzima. Hakukuwa na ugomvi wala kosa. Wasiwasi ndio uliokuwa ukimleta, na baba yake mwenyewe ndiye aliyeuondoa, kwa jasho lake.

Na kwangu pia haji tena na bakuli la kuonjwa. Anajua kupika.

Juzi alikuja kwenye waya bila kitu mkononi. Akashika waya, akaachia.

"Shemeji, nikimwambia naumwa kidogo, itakuwa dhambi?"

"Unaumwa?"

"Hapana."

"Basi mwambie ukweli. Mwambie, mwanangu, nimekukumbuka, njoo."

Akalifikiria jambo hilo kama mtu aliyepewa lugha ya kigeni. "Sasa hayo mtu anayasemaje?" akauliza.

"Unafungua mdomo, shemeji, yanatoka."

Akaingia ndani. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi, sufuria inachemka, harufu ya rehani imejaa uani kwangu. Nikamsikia anabonyeza namba. Nikaacha kuosha vyombo, nikasimama na povu mikononi.

"Haloo, mwanangu. Ndiyo, ni mimi. Hapana, hakuna kitu, nimepiga tu." Nikawa namwombea. "Mzima. Mzima kabisa. Bustani? Imejaa, nashindwa hata kumaliza. Eeh. Wewe fanya kazi yako, mama. Hapana, sihitaji kitu."